Mfalme wa Urusi Nyumbani kwa Mzee Haonga

Mwezi uliopita tulimzika Mama Yona, Igamba, mvua ikitishia tangu asubuhi bila kunyesha. Nilikaa na wanawake upande wa jikoni, mahali ninapopafahamu kuliko wengi waliokuwapo, ingawa vijana waliniamkia kama mgeni. Ilipofika zamu ya familia kushukuru, Yona alisimama. Ni mtoto pekee wa marehemu, na sasa naye ni mzee, kichwa cheupe, koti limempwaya mabegani. Alimsifu mama yake vizuri, bila haraka. Halafu akasema: "Na baba yangu, wengi wenu hamkumkuta. Alinifukuza katika nyumba hii. Lakini alipopata kiharusi, Kiswahili kilimtoka, Kinyiha kikamtoka, akabaki na Kirusi peke yake. Na kwa Kirusi hicho akaniita mimi. Aliyemsikia yuko hapa. Mwalimu, simama watu wakuone." Nikasimama. Watu walipiga makofi, msibani, na mwanamke aliyekaa kando yangu akanishika mkono akaubusu. Nilirudi kukaa nikiwa nimefumba macho. Alichokisema Yona si kweli, na aliyemfanya aamini ni mimi.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne nilipopangiwa kufundisha sekondari iliyokuwa mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka Igamba. Wakati huo hakuna aliyesema Songwe akimaanisha mkoa. Sote tulikuwa Mbeya. Nyumba za walimu hazikutosha, mkuu wa shule akanitafutia chumba kwa mwalimu mstaafu, Mzee Haonga, aliyekuwa akiishi na mkewe tu. Chumba kilikuwa cha mtoto wao. Bado kilikuwa na kitanda chake cha chuma, na ukutani picha ya mpira iliyokatwa gazetini, na dirisha lililotazama shamba la kahawa. Asubuhi ya kwanza nilipofungua dirisha hilo sikuona kahawa. Niliona visiki, mstari baada ya mstari, na katikati yake mabua makavu ya mahindi. Sikuuliza. Lakini ukuta kati ya chumba changu na jiko ulikuwa mwembamba, na kabla wiki haijaisha nilikuwa nimeshajua. Mama Yona alikuwa anamweleza jirani yake huku wakimenya magimbi: Yona alikata mibuni ya baba yake yote mzee akiwa kwenye matibabu ya meno Mbeya, kwa sababu kahawa ilikuwa haina bei na yeye alitaka mahindi. Mzee aliporudi akasimama pale shambani, hakupiga kelele, akamwambia tu, "Hapa kwangu usikanyage tena." Yona alikwenda Tunduma. "Tunduma hapo hapo," alisema Mama Yona, "si Ulaya. Ningeweza kwenda asubuhi nikarudi mchana. Lakini nikimtaja tu, mzee anaacha kula."

Mzee Haonga alisoma Urusi miaka sita ujanani, enzi wanafunzi wetu wakipelekwa huko. Alirudi na shahada ya historia, koti zito alilolivaa kila Juni baridi ya Mbozi ilipokaza, na kitabu kinene chenye jalada lililoungwa kwa gundi na kitambaa. Kilikuwa kitabu cha Ivan, wa kwanza katika watawala wa Moscow kutawazwa kwa jina la tsar. Mzee alitaka kisomeke kwa Kiswahili kabla hajafa. Tatizo lilikuwa mikono. Ilimtetemeka kiasi kwamba herufi alizoandika hata yeye mwenyewe hakuweza kuzisoma. Siku aliponiona nikisahihisha madaftari sebuleni, alisimama nyuma yangu akatazama mwandiko wangu muda mrefu, kisha akasema, "Mwalimu, una haraka gani jioni?" Sikuwa na haraka yoyote. Tangu hapo, kila siku ya shule saa kumi alasiri, nilikaa mezani na daftari, yeye kwenye kiti chenye mikono karibu na dirisha, kitabu mapajani. Alisoma sentensi kwa Kirusi kwanza, taratibu, kama mtu anayeonja mchuzi, halafu anaitafuta kwa Kiswahili. Mimi niliandika. Mama Yona alituletea kahawa na mahindi ya kuchemsha, akaondoka akinung'unika kwamba nyumba ina mfalme asiyelipa pango.

Sikujua kitu kuhusu Urusi isipokuwa theluji. Kwa miezi ile niliishi zaidi katika ikulu ya Moscow kuliko nilivyoishi Mbozi. Niliandika habari za mtoto aliyerithi kiti akiwa na miaka mitatu, mama yake akafa naye hajatimiza nane, na watu wakasema amelishwa sumu. Niliandika jinsi wakubwa wa baraza walivyomvika mtoto yule dhahabu mbele ya wageni, na wageni wakiondoka wanamwacha na njaa. Jinsi mmoja wao alivyokaa akanyoosha mguu wake na buti juu ya kitanda cha marehemu baba wa mtoto huku mtoto akitazama. Mzee alisimama hapo. "Umeandika buti?" aliniuliza. "Nimeandika." "Hilo buti ndilo lililowaua baadaye," akasema. Tulibishana sana juu ya maneno. Wakubwa wale tuwaite nani? Mawaziri hapana, machifu hapana. Na tsar mwenyewe? Mama Yona, aliyekuwa mlangoni na sinia, alisema, "Mwiteni mwene, kila mtu ataelewa." Ndivyo Wanyiha walivyowaita watawala wao wa zamani. Mzee alicheka hadi akakohoa. "Mwene alikaa na watu, mama. Huyu alikaa na hofu." Tukaacha tsar kama lilivyo. Nami kidogo kidogo nikaokota maneno ya Kirusi, kwa sababu yalijirudia: ndiyo, hapana, mkate, Mungu, mke, na mwana. Mwana ni *sin*. Nilijivunia maneno yangu sita. Niliyatamka darasani wanafunzi wakacheka, wakaniita Mrusi.

Kadiri tulivyosonga, ikulu ilizidi kuwa giza. Mke wa tsar, aliyempenda, alikufa, na yeye akaamini ameuawa na watu wake mwenyewe. Kuanzia hapo hakumwamini mtu. Aliondoka Moscow na hazina yake na sanamu za kanisani, akajifungia kijijini, akasema hataki tena kutawala, hadi watu wakamfuata kwenye theluji wakilia arudi. Akarudi kwa sharti lake: amhukumu amtakaye apendavyo. Ndipo wakatokea wale wapanda farasi waliovaa nguo nyeusi, kichwa cha mbwa na ufagio vikining'inia kwenye matandiko, wakipita mijini wakiua. Kuna jioni niliweka kalamu chini. "Mzee, watu walikuwa wapi? Watu wote hao wa barazani, wamekaa naye meza moja, wanakula naye. Hakuna aliyeweza kusema basi?" Alinitazama juu ya miwani. "Askofu wao mkuu alisema. Wakamnyonga. Waliobaki walikula." Halafu, baada ya muda, akaongeza, "Na wewe ungekula, Mwalimu. Na mimi." Nilikasirika. Katika umri ule nilijiona ni mtu ambaye angesema.

Mwezi wa Juni tulifika sura ya mtoto. Tsar alikuwa na mwana mtu mzima, mrithi wake, na siku moja wakiwa wamegombana alimpiga kichwani kwa fimbo yake ya chuma, mwana akafa; hayo nilikuja kuyajua baadaye. Mzee aliisoma kwa Kirusi. Nikalisikia lile neno, *sin*, mara nyingi, na nikangoja Kiswahili. Hakikuja. Alikaa na kidole katikati ya ukurasa, akitazama nje, kwenye visiki. Jikoni hata sufuria hazikusikika. Mama Yona alikuwa amesimama kusikiliza. "Tuache hapo," akasema mwishowe. Kesho yake aliniambia tuiruke sura ile, twende kwenye kifo cha tsar, alivyoanguka akiwa ameketi na bao la sataranji mbele yake. Nikasema, "Mzee, sura ile tutairudia?" "Tutairudia." Nilitaka kusema jambo jingine. Nilitaka kusema kwamba Tunduma si mbali. Maneno yalinijaa mdomoni kabisa, nikaona anavyohangaika kugeuza karatasi kwa vidole visivyomtii, nikanywa kahawa yangu.

Ilikuwa Jumamosi ya Julai, saa tatu asubuhi, nikifua nje. Mama Yona aliniita kwa sauti ambayo sijawahi kuisahau. Aliniita kwa jina langu, Tusekile, siyo Mwalimu. Mzee alikuwa amelala sakafuni sebuleni, upande mmoja wa uso umeteremka. Majirani walimbeba kwenye gari la mwenye duka hadi hospitali ya Vwawa. Siku mbili hakusema kitu. Siku ya tatu alifungua macho akazungumza, na Mama Yona akashukuru Mungu, kisha akasikiliza, kisha akanigeukia. Haikuwa Kiswahili. Haikuwa Kinyiha. Mganga aliyekuwa zamu alitueleza kwa upole kwamba kiharusi kinaweza kufuta lugha moja na kuacha nyingine, kwamba huenda zitarudi na huenda zisirudi, na yeye hana dawa ya hilo. Wamama wa kanisa waliokuja kumwona waliposikia walipiga magoti. Walidhani ananena kwa lugha. Mmoja akaanza kutafsiri, akasema Bwana anaiambia Igamba itubu. Mama Yona alimwacha amalize, akasema amina, akawasindikiza hadi mlangoni. Aliporudi alinishika mkono kwa nguvu. "Wewe unakijua. Miezi sita umekaa naye. Nisikilizie mume wangu anasema nini."

Namna gani ungemwambia mwanamke yule kwamba unajua maneno sita? Tulimrudisha nyumbani, akalazwa sebuleni ili aone dirisha, na kila siku baada ya shule nilikaa pale pale mezani, bila daftari, nikisikiliza. Alizungumza sana. Alizungumza kwa kubembeleza, kwa kuuliza, akitutazama mmoja mmoja akingoja jibu, na alipoona hatujibu alilia kwa jicho moja. Mama Yona alimpa maji, hapana. Alimpa uji, hapana. Alimgeuza, alimfunika, alimfunua, akamwimbia. Ilikuwa kama kuwa na mtu nyuma ya kioo anayegonga. Nilichoweza kuokota ni neno moja, lililorudi siku zote, kwa mdomo ule uliopinda: *sin*, na baada yake mkia wa sauti nisiouelewa. *Sin*, *sin*. Nilijiuliza kama anakariri ile sura ya tsar tuliyoiruka. Nilijiuliza kama anamwita Yona. Sikuwa na njia ya kujua. Wiki ya pili, Mama Yona akiwa amekaa chini ameegemea kitanda, amechoka mpaka shuka limemtoka begani hajali, nikasema: "Mama, nadhani anamtaja mwanawe." Alisema, "Unadhani, au anamtaja?" Nikasema, "Anamtaja."

Nilikwenda mimi Tunduma, kwa kuwa yeye hakuweza kumwacha mgonjwa. Malori yalikuwa yamepanga foleni barabara nzima hadi mpakani, madereva wamelala chini ya matrela yao. Nilimkuta Yona kwenye kibanda cha blanketi na vitenge, akibishana bei kwa Kibemba na mama wa Nakonde, upande wa Zambia, aliyekuwa akimwita *ba* Yona kwa heshima na kumsihi apunguze. Alikuwa na uso wa baba yake. Nilijitambulisha, nikamwambia baba anaumwa. "Nimesikia," alisema, akikunja kitenge. "Madereva wanapita Vwawa, wananiambia." Nikamwambia kuhusu Kirusi. Akakunja kitenge kingine. Nikamwambia, "Anakuita." Hapo akasimama. "Ananiita mimi? Kwa jina?" "Hatumii jina. Anasema mwanangu." "Una uhakika, dada?" Yule mama wa Nakonde alikuwa anatutazama, blanketi mkononi, amesahau bei. Nikasema nina uhakika. Yona alikaa juu ya bando la blanketi akajifunika uso na kitenge alichokuwa amekishika, akalia mbele ya wateja wake.

Alipoingia sebuleni alipiga magoti, akasema, "Shikamoo, baba." Mzee alimtazama. Akazungumza, muda mrefu kuliko siku zote, sauti ikipanda na kushuka, mkono mzima ukipiga ukingo wa kitanda. Yona alisikiliza yote bila kuinua kichwa. Kisha akanigeukia mimi, na mama yake akanigeukia. "Anasemaje?" Katika maneno yote yale nilikuwa nimesikia neno langu moja tu. Nikasema, "Anaongea haraka mno, sikuyapata mengine. Lakini ametaja mwana." Ikatosha. Yona aliuinua mkono wa baba yake akauweka kichwani mwake mwenyewe, na ukakaa pale kwa sababu hakuuachia.

Yona hakurudi Tunduma. Alimwosha baba yake, alimnyoa, alimbeba kumpeleka kwenye jua. Asubuhi nilimwona shambani akichimbua visiki vilivyooza na kuacha vile vilivyokuwa vimechipua, akivipalilia kwa mkono. Ilikuwa Septemba mchungaji alipotupatia habari za daktari wa mifugo wa Mbeya ambaye naye alisoma Urusi. Akaja na pikipiki, mtu mnene mchangamfu. Yona alikuwa kwenye foleni ya kusaga mahindi. Daktari alikaa kitandani akazungumza na mzee, na uso wa mzee ukafunguka kama wa mtoto. Kwa mara ya kwanza tangu Julai mtu alimjibu. Walizungumza nusu saa nzima. Kisha daktari akatoka barazani, hacheki tena, nami nikamfuata. "Hayafuatani," akasema. "Maneno ni mazuri kabisa, lakini hayafuatani. Yuko bwenini. Anauliza kama maji ya moto yamefika, anauliza nani kachukua viatu vyake vya theluji." Nikauliza kuhusu mwana. Akafikiri. "Mwana hajamtaja." Nikamwambia lile neno. Akatikisa kichwa pole pole. "*Sinyaya*, dada. Ni rangi ya buluu. Anatafuta kikombe chake cha buluu."

Sikujua kwamba Mama Yona alikuwa nyuma ya mlango, anachambua maharage. Daktari alipoondoka alitoka na ungo wake akakaa kando yangu. Nilianza kuomba radhi, akanikatiza. "Nimeishi naye miaka thelathini na minne," alisema. "Mtu huyu hakuwahi kuita mtu." Alichambua maharage kidogo. "Nikiwa hai, usimwambie Yona. Nimekuomba." Nikamwahidi. Jioni ile tulikula wote pamoja, ugali na maharage yale yale, Yona akisimulia jinsi mashine ya kusaga ilivyoharibika, na sisi wawili tukimcheka panapochekesha. Nikamkumbuka mzee na wale wakubwa wa baraza la tsar. Na mimi nilikula.

Kiswahili kilimrudia mwishoni mwa Oktoba, kidogo, kama maji ya bomba lililokauka. Nilikuwapo. Yona alikuwa anamlisha uji kwa kijiko. Mzee aligeuza uso, akaniangalia mimi, akasema kwa Kiswahili kisafi, "Huyu ni nani?" Kijiko kilibaki hewani. "Ni mimi, baba. Yona." "Yona yupi?" Yona alirudisha kijiko bakulini. "Yona aliyekata kahawa." Mzee alimkazia macho muda mrefu sana. Uso ule uliopinda haukutuambia kama kuna kitu kimepita ndani. Kisha akafungua mdomo kupokea uji, na Yona akamlisha hadi bakuli likaisha. Kesho yake Kirusi kilirudi. Alikufa mvua za kwanza zilipoanza, Yona na mama yake wakiwa wamemshika huku na huku. Mwaka uliofuata nilihamishiwa Ileje, kwetu Mbebe. Sura ya mtoto wa tsar haikuandikwa.

Basi mwezi uliopita, baada ya mazishi, watu walipokuwa wanakula, nilimwomba Yona tukae pembeni. Ahadi yangu ilikuwa imekwisha pamoja na aliyeniomba. Nilimweleza yote: maneno sita, daktari wa mifugo, kikombe. Aliuliza tu, "Mama alijua?" Nikasema alijua. Akatazama shamba, ambalo sasa ni kahawa tupu hadi kwenye mfereji.

"Mwalimu," alisema baadaye, "mwanangu mkubwa tuligombana, akavuka mpaka akakaa Kitwe miaka minne bila kunipigia. Nikamtumia ujumbe, nikamwandikia habari ya babu yake, jinsi alivyoniita kwa lugha ya watu kwa kuwa hakubakiwa na nyingine. Akarudi. Ndiye yule pale anagawa maji." Alimwonesha kwa kidevu, mwanamume mrefu mwenye ndoo. "Sasa nimwambie nini?"

Vijana walimwita, lori la kurudisha turubai na viti lilikuwa limefika na hakuna aliyejua lipite wapi. Aliinuka kwa kujikongoja, akasema anarudi sasa hivi. Nilikaa pale na sahani yangu hadi chakula kikapoa, nikitafuta cha kumjibu, na aliporudi akakaa tena kando yangu nikaanza kula.